Kadi Hufika Ifakara Zikiwa Zimeshazeeka

Kwa hesabu yangu, kadi ya grafiki inayozinduliwa leo Las Vegas itafika Ifakara baada ya miaka saba au minane. Haiji na boksi lake, wala haiji na wale walioishangilia. Inakuja ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani iliyoondolewa kwenye ofisi fulani Ulaya, au iliyozungukia Dubai. Inashushwa Kariakoo, inakaa dukani ikila vumbi mpaka mtu wa mkoani aifuate, kisha inapakiwa kwenye buti la basi pamoja na matairi ya pikipiki na katoni za biskuti. Basi linakata kona Mikumi, linashuka Kidatu, linapita kwenye miwa chini ya milima ya Udzungwa, Mang'ula, Kiberege, hadi stendi yetu. Kwa walioiandikia makala siku ya uzinduzi, kadi hiyo ilishakufa zamani. Kwetu ndiyo kwanza inachomekwa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi inayonilipa ni mpunga, mafuriko, wakulima na wafugaji, tembo walioingia shambani usiku. Kazi isiyonilipa, na ambayo nimeifanya bila kukosa kwa zaidi ya miaka kumi, ni kufuatilia kadi za grafiki: ipi imetoka, inakula wati ngapi, bei yake, na hasa imeharibika vipi. Mama yangu hanielewi. "Mwanangu, unasoma bei za vitu usivyonunua?" Nikamuuliza ni wanaume wangapi hapa mjini wanaojua kikosi cha Arsenal kwa majina na hawajawahi kuvuka hata Chalinze. Akacheka, lakini sidhani kama alikubali.

Kwa msomaji asiyeijua kadi yenyewe, nieleze haraka. Prosesa ya kompyuta ni kama mwalimu mmoja hodari anayefanya hesabu ngumu moja baada ya nyingine. Kadi ya grafiki ni kama shule nzima ya wanafunzi elfu kadhaa. Kila mmoja anapewa hesabu ndogo sana, na wote wanamaliza kwa mpigo mmoja. Picha ya kwenye gemu ni mamilioni ya nukta zinazotakiwa kupakwa rangi upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo shule inahitajika. Kuhariri video kunahitaji shule hiyo hiyo. Na siku hizi akili mnemba nayo inaitaka, tena inaitaka yote, lakini hilo nitalirudia.

Uzinduzi mkubwa wa mwisho niliokesha nikiusubiri ulikuwa wa Januari 2025. Jensen Huang, bosi wa NVIDIA, alipanda jukwaani Las Vegas jioni ya tarehe 6 akiwa na koti la ngozi linalometameta. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri ya tarehe 7, bando langu la intaneti likiwa linaelekea ukingoni. Akataja bei: RTX 5090 dola 1,999, RTX 5080 dola 999, RTX 5070 Ti dola 749, RTX 5070 dola 549. Halafu akasema ile RTX 5070 ya dola 549 ina uwezo wa RTX 4090, kadi iliyotoka Oktoba 2022 kwa dola 1,599. Ukumbi ukalipuka.

Sasa hapo ndipo inabidi usome maandishi madogo. Uwezo ule ulipatikana kwa ujanja mpya wa programu: kadi inachora fremu moja ya kweli, kisha inakisia tatu zinazofuata na kuzipachika katikati. Jicho linaona mwendo laini, lakini kadi imefanya kazi ya fremu moja. Ifakara neno fremu lina maana yake, ni chumba cha biashara. Hebu fikiria mwenye nyumba anakupangisha fremu nne pale karibu na soko, unafungua mlango unakuta moja ndiyo chumba na tatu zimechorwa ukutani. Zimechorwa vizuri, sikatai. Lakini kodi utalipa ya ngapi?

Hiyo RTX 5090, kwa thamani ya shilingi wakati huo, ilikuwa karibu milioni 5 kabla ya usafiri na ushuru. Huku bondeni pesa kubwa hupimwa kwa magunia ya mpunga. Sitaweka bei ya gunia hapa maana ukiiandika leo, kesho madalali wameshaibadilisha, ila mama alipofanya hesabu yake kwa vidole aliishia kusema, "Hiyo ni nyumba ya bati."

Kilichonishtua mimi zaidi ya bei ni namba nyingine: wati 575. Hizo ni zaidi ya nusu ya pasi ya umeme, inawaka mfululizo, na hapo hujahesabu prosesa na skrini. Sisi watu wa Kilombero tuna haki ya kuchungulia namba za namna hiyo. Kidatu, mlangoni mwa bonde letu, kuna mitambo ya megawati 204. Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa, kuna megawati 180, na maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mashine, vyura wadogo wa njano waliokuwa wanaishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, na si kwingine duniani, ilibidi wapandishwe ndege kwenda Marekani wasije wakaisha. Mto Kilombero wenyewe unakutana na Luwegu na kuzaa Rufiji, na huko chini kuna bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115. Maji yanapita kwetu. Na bado msimu wa mavuno, mashine za kukoboa mpunga zinapowashwa mtaani, taa zinafifia na kompyuta ya studio inajizima na kujiwasha yenyewe. Mota kubwa ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mara moja, volti zinashuka kwa kila aliye kwenye laini ile. Mwenye kadi anashika kichwa.

Lakini kadi za juu zilipata matatizo hata huko ambako taa hazififii, na hilo ndilo tatizo ninalolipenda kuliko yote, kama mtu anaruhusiwa kupenda tatizo. Linahusu plagi.

Zamani kadi ilikuwa inapata umeme kupitia plagi ya pini nane, na kila plagi ilihesabiwa kubeba wati 150. Ukihitaji zaidi unachomeka mbili, tatu. Kufikia RTX 4090, kampuni ilikuwa imeshaingia na plagi mpya ndogo, yenye njia sita za umeme wa kwenda na sita za kurudi, inayoruhusiwa kubeba wati 600 peke yake. Piga hesabu. Umeme wa ndani ya kompyuta ni volti 12 tu. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Pasi yako nyumbani, kwenye volti 230, inavuta ampea nne na ushee. Kwa hiyo kwenye kiplagi ambacho unakifunika kwa kidole gumba kunapita mkondo wa pasi kumi na moja.

Oktoba hiyo hiyo ya 2022 picha zikaanza kuonekana: plagi zimeyeyuka, plastiki imekuwa nyeusi kama mkaa. Novemba NVIDIA ikasema ina taarifa za visa kama 50 duniani kote, na kwamba wateja hawakuchomeka plagi mpaka mwisho. Waliochunguza nao walikuta kweli plagi iliyokaa nusu inaungua. Plagi ikarekebishwa, pini zikafupishwa na kurefushwa hapa na pale, ikapewa jina jipya. Halafu ikaja RTX 5090 na wati zake 575, na Februari 2025 plagi zikaanza kuyeyuka tena. Roman Hartung, Mjerumani anayefahamika kwa jina la der8auer, akaweka kipimo kwenye nyaya za kadi yake mwenyewe akakuta waya mmoja unabeba zaidi ya ampea 20 wakati mwenzake pembeni umelala, na upande wa pawasaplai joto limefika karibu nyuzi 150.

Kwa nini? Kwa sababu umeme ni kama maji ya jaruba: unafuata pale palipo rahisi. Pini moja ikishika vizuri kuliko nyingine, mkondo unakimbilia huko. RTX 3090 Ti, iliyotoka mwanzoni mwa 2022, ilizigawa zile nyaya katika makundi matatu na kila kundi lilipimwa kivyake, kwa hiyo mzigo haukuweza kumwelemea mmoja. Kwenye RTX 4090 na 5090 nyaya zote zikaunganishwa kuwa kitu kimoja pale tu zinapoingia kwenye kadi. Kadi inajua jumla ya umeme unaoingia. Haijui kama unaingia kwa milango sita au kwa mmoja.

Niliyasoma haya yote nikayapeleka kwa fundi wetu, kijana ana fremu yake mjini, simu mbele, kompyuta nyuma. Alikuwa anasugua mazabodi kwa mswaki na spiriti. Nikamweleza kwa dakika kumi nzima, na michoro. Akaniacha nimalize.

"Dada, hiyo si ekstensheni tu?"

"Ekstensheni vipi?"

"Si unajua mtu ana tundu moja ukutani, anachomeka ekstensheni, juu yake jiko, juu yake pasi, juu yake friji. Akiniita anasema plagi feki. Plagi siyo feki. Tundu moja limekaza, mengine yamelegea." Akarudi kwenye mswaki wake. "Sasa hao waliosoma walikuwa hawajui?"

Walikuwa wanajua, nadhani. Kugawa nyaya makundi matatu kunaongeza vipuri na kunataka nafasi, na mtu fulani aliamua nafasi hiyo haipo. Katika kadi ya milioni 5.

Mwezi huo huo wa Februari likazuka lingine. Baadhi ya kadi mpya za RTX 5090 zilikutwa na upungufu ndani ya chipu yenyewe: zile sehemu za mwisho zinazokamilisha picha, ambazo zinatakiwa kuwa 176, zilikuwa 168. NVIDIA ikakubali, ikasema ni kama nusu asilimia ya kadi zote, kasi inapungua kwa asilimia 4 hivi, na mwenye nayo abadilishiwe. Niliposoma nilicheka peke yangu. Bonde zima hili limelia na lumbesa tangu sijazaliwa, gunia linashonewa kilemba juu ili mkulima azidishe bila kulipwa. Kumbe huko nao wanapunjwa, ila kwao gunia linakuja limepungua badala ya kuzidi. Tofauti ni kwamba wao waligundua ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu kila mnunuzi ana programu ya bure ya kuhesabia.

Programu hiyo hiyo ndiyo inayotusaidia na sisi kwenye ugonjwa ambao ni wetu zaidi: kadi za kughushi.

Mwaka 2016 ilitoka GTX 1050 Ti kwa dola 139. Kama kuna kadi iliyoumbwa kwa ajili ya watu kama sisi, ni ile. Inakula wati 75 tu, na zote inazipata kwenye tundu la mazabodi inapochomekwa, haihitaji plagi yoyote ya ziada. Maana yake unaweza kuichukua kompyuta ya ofisi ya mtumba, yenye pawasaplai ndogo ya wati 240 na ushee ambayo huwezi hata kuibadilisha, ukachomeka kadi, ukapata mashine ya gemu. Ikapendwa sana. Na kitu kikipendwa, Kariakoo hakikosi pacha wake. Viwandani wanachukua chipu ya zamani, mara nyingi ya GTS 450 ya mwaka 2010, wanaandika upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la GTX 1050 Ti, wanaivalisha feni mpya na boksi linalong'aa. Windows inaamini. Mpaka ufungue gemu.

Kijana mmoja wa jirani aliuza mpunga wake akaenda kununua hiyo, duka nisilitaje, akarudi nayo usiku kwenye basi ameipakata kama mtoto. Alitaka GTA V. Gemu likafunguka, likaenda kama mkokoteni, likaganda, skrini ikawa nyeusi. Fundi hakuiwasha hata kidogo. Aliigeuza tu akatazama nyuma. Kulikuwa na tundu la bluu la VGA.

"Kadi ya 2016 inatafuta nini na tundu la bluu, mdogo wangu?"

Na ndiyo alama yenyewe. Chipu za kizazi kile haziwezi kabisa kutoa picha kwa njia ya VGA, waliiondoa. Kadi inayojiita GTX 1050 Ti na ina VGA, mara nyingi sana ni bibi aliyevaa sare ya shule. Tangu mwaka 2018 programu ya GPU-Z inaitambua, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Tuliiwasha baadaye ili kijana aone kwa macho yake. Alikaa kimya muda mrefu. Muuzaji alipopigiwa simu alimjibu kwamba mali ikishatoka dukani hairudi, akakata. Kadi ile haikutupwa, hapa kitu hakitupwi. Iko kwenye kibanda cha kurushia muvi kwenye flashi, na kwa kazi hiyo inafaa kabisa.

Zilizo halisi nazo zina maadui wao. Pumba ndiye wa kwanza. Msimu wa kukoboa, vumbi laini la pumba linaingia kila mahali, linajaa kati ya mapezi ya kupozea, na ukiichanganya na unyevu wa masika inakuwa kama blanketi. Wa pili ni sisimizi. Wanapenda joto, wanatagia mayai kwenye pawasaplai. Wa tatu ni mjusi anayejipitisha nyuma ya mazabodi na kufa na mashine nzima. Wa nne ni ile grisi kati ya chipu na chuma cha kupozea, ambayo kwa joto letu inakauka inakuwa kama chokaa. Fundi akikosa grisi anapaka dawa ya meno. Inafanya kazi siku nne, tano. Mteja akirudi, grisi imeshafika na basi.

Halafu kuna ile tiba ya moto. Kadi haitoi picha, au inatoa mistari ya rangi kama kitenge. Fundi anavua feni, anaweka karatasi ya foili kuzunguka chipu, anaelekeza bomba la hewa ya moto juu yake dakika chache. Inapona! Kisa kinachojulikana zaidi cha ugonjwa huu ni cha Julai 2008, NVIDIA ilipotangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptop zilizokuwa zinakufa kwa wingi. Chipu inashikiliwa chini yake na vitone vidogo vidogo vya risasi. Ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, kila siku, mpaka kitone kimoja kinapasuka. Moto wa fundi unaufanya ufa ugusane tena kwa muda, ila haukuondoa ufa. Huu ni mji uliofanya utafiti wa malaria tangu wakati wa maabara ya Waswisi miaka ya 1950, kwa hiyo kila mtu hapa anaelewa ukimwambia kwamba hiyo ni panadol, homa imeshuka na vijidudu vipo. Fundi wetu ni mkweli, anampa mteja udhamini wa wiki mbili na anamwambia kwa nini ni mbili. Wapo wanaompa mteja miezi sita halafu wanahama fremu.

Nisingeandika haya kama isingekuwa Oktoba 2025. Mambo mawili yaligongana mwezi ule. Tarehe 14 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta nyingi za ofisi tulizonazo hazikubaliwi kuingia Windows 11. Na NVIDIA, kama ilivyotangaza katikati ya mwaka, ikaacha kutengeneza draiva mpya za gemu kwa vizazi vya Maxwell na Pascal. GTX 1050 Ti ni Pascal. Itapata marekebisho ya usalama kila baada ya miezi mitatu hadi Oktoba 2028, basi.

Kadi haifi siku hiyo. Itaendelea kuwaka. Lakini programu ya kuhariri video ikijisasisha itakuja kuuliza draiva mpya zaidi, na haipo. Kaka mmoja mwenye studio ya harusi, sendofu na kipaimara aliniuliza, "Dada, wewe unayesoma haya mambo, ninunue ipi?" Ana GTX 1050 Ti halisi tangu 2019. Ana watoto watatu shule na msaidizi mmoja anayemlipa kila wiki. Kompyuta ikikwama wiki mbili mwezi wa Desemba, harusi zote zinakwenda kwa mwenzake wa mtaa wa pili, na hazirudi.

Hapo ndipo kusoma kwangu kwote kuliwekwa mezani. Kadi mpya ya Intel, Arc B580, ya dola 249 na memori ya gigabaiti 12, duniani imesifiwa sana, na mimi niliisifia. Lakini inataka wati 190, na inategemea uwezo fulani wa mazabodi ambao kompyuta za ofisi za miaka ile hazina. Ukiichomeka kwenye prosesa ya zamani inapoteza nguvu vibaya. RX 580 ya mtumba ni rahisi na ina nguvu, ila ni wati 185 na inataka plagi, na nyingi zilizopo sokoni zilichimbishwa sarafu za mtandaoni usiku na mchana kwa miaka mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na kuchimba kwa kadi. RTX 5050, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote katika kizazi kipya, ni wati 130. Chini ya wati 75, bila plagi, kutoka NVIDIA nilikuta moja tu yenye maana: RTX 3050 ya gigabaiti 6, wati 70, iliyotoka Februari 2024. Kizazi chake cha nyuma mara mbili, na hakuna iliyokuja kuirithi.

Sababu iko kwenye vitabu vyao vya hesabu. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025, NVIDIA iliingiza dola bilioni 130.5. Gemu zilileta bilioni 11 na ushee. Bilioni 115 zilitoka kwenye vituo vya data, kwa wenye akili mnemba. Kadi ya wati 70 kwao ni kama muuza jumla kuombwa sukari ya kupima kwa kijiko. Desemba 2025 Micron nayo ikatangaza kuifunga Crucial, chapa iliyowauzia watu wa kawaida memori kwa karibu miaka 30, ili memori iende huko huko. Bei za memori zilishaanza kupanda. Ule mnyororo wa mtumba niliouanzia hapa una kichwa na mkia: kama huko juu hakitengenezwi kitu kidogo leo, mwaka 2033 buti la basi litatuletea nini? Kadi za wati 575 zenye plagi iliyoungua? Nani ataziwasha hapa, na kwa laini ipi?

Nilimwambia kaka anunue hiyo RTX 3050 mpya, haraka, kabla memori haijaipandisha bei. Alinuna, maana kwa pesa ile alitarajia kitu kikubwa cha kuonyesha. Akauliza kama si afadhali asubiri mavuno. Nikamwambia mavuno ni Juni.

Ilifika Jumanne na basi la usiku, imefungwa kwenye taulo. Ilikuwa nene kuliko kompyuta yake, feni mbili, haikuingia. Fundi akakata kifuniko kwa msumeno wa chuma, akasugua kingo kwa msasa zisije zikamkata mtu, na sasa mashine inafanya kazi ubavu wazi. Jioni, ikishapoa, mke wake anaifunika kwa kanga kwa ajili ya sisimizi. Harusi ya kwanza kuhaririwa nayo ilikuwa ya Mang'ula, saa tatu za video pamoja na hotuba zote za wajomba. Mashine ya kukoboa iliwashwa mara mbili katikati. Taa zilififia mara zote mbili, na kaka akanitumia ujumbe wa neno moja: "Imehimili."